Kwa nini jumla ya kikoba iligeuka hasi: habari za 2,147,483,647

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Morogoro. Daftari letu tumelihamishia kwenye programu ya simu aliyotutengenezea kijana mmoja wa mtaani. Jumamosi iliyopita mfuko ulikuwa na shilingi 21,450,000. Mwenzetu mmoja akaleta 50,000, nikaingiza, jumla ikasoma −21,449,672.96. Nusura wanachama waniengue palepale. Kijana anasema tumevuka kikomo cha 2,147,483,647, nami sioni tumevukaje, maana bilioni mbili hatuna. Mwanangu wa kidato cha tatu kaitafuta namba hiyo, anasema ni namba tasa na ina historia ndefu. Ni kweli ni tasa? Nani aliyekaa akaigawa kwa namba zote mpaka akajua? Na je, simu imeichagua kwa sababu ni tasa?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na fedha, kwa sababu najua mweka hazina halali usingizi jumla ikigoma. Hakuna hata senti moja iliyopotea. Chukua hiyo −21,449,672.96 uliyoiona, iongezee 42,949,672.96. Utapata 21,500,000 kamili, yaani 21,450,000 zenu na 50,000 ya mwenzenu. Fanya hesabu hiyo mbele ya wanachama, kila mmoja akiwa na kikokotoo chake, waone wenyewe.

Kijana wenu amesema kweli, ila amekuachia kipande kimoja. Programu yake haitunzi shilingi, inatunza senti. Sisi senti tumeacha kuishika mkononi miaka mingi, lakini ndani ya programu za fedha bado inaishi, kwa kuwa hesabu ya namba nzima bila nukta haina makosa ya kukadiria. Kwa hiyo shilingi 21,500,000 zenu, ndani ya simu, ni senti 2,150,000,000. Bilioni mbili mlikuwa nazo, ila kwa senti. Kikomo chenyewe kwa shilingi ni 21,474,836.47. Anayehesabu kwa dola akikutana na kikomo hicho ana dola milioni 21, na wengi hawafiki huko maisha yao yote. Kwa shilingi yetu, kikundi cha akina mama wanaoweka akiba kwa bidii kinafika. Ndiyo maana natamani kila kijana anayeandika programu za fedha hapa kwetu aijue namba hii kama anavyolijua jina la mama yake.

Sasa tuitazame namba yenyewe. Isome: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiisoma hivyo inaonekana kama namba yoyote iliyookotwa barabarani. Ukiijenga ndipo utaijua.

Tarehe 1 Januari weka shilingi moja kwenye kibubu. Tarehe 2 weka mbili, tarehe 3 nne, tarehe 4 nane, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe 5 kibubu kina shilingi 31. Tarehe 10 kina 1,023. Tarehe 20 kimepita milioni moja: 1,048,575. Tarehe 31 peke yake inakudai shilingi 1,073,741,824, na ukikivunja kibubu usiku ule utahesabu shilingi 2,147,483,647, bila kuzidi wala kupungua. Ungetaka kuendelea, tarehe 1 Februari ungetakiwa kuweka 2,147,483,648, yaani moja tu zaidi ya vyote ulivyoweka mwezi mzima. Kwa hiyo namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 31, yaani 2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja, toa 1. Kwa kifupi, 2³¹ − 1.

Kompyuta huhesabu kwa kibubu hichohicho. Haina tarakimu kumi kama sisi, ina mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu inaitwa biti. Chukulia kila siku ya Januari ni biti: siku uliyoweka fedha andika 1, siku uliyoruka andika 0. Ukitaka 13, weka tarehe 1, 3 na 4, kwa sababu 1 + 4 + 8 = 13. Namba yoyote kuanzia sifuri unaipata kwa kuchagua siku, na kila namba ina uchaguzi mmoja tu. Ukiweka siku zote umefika mwisho: 1 thelathini na moja zilizopangwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo 2,147,483,647 machoni pa simu. Kwake ni namba iliyojaa, kama 999 kwetu.

Programu ya kijana imeipa jumla yenu visanduku 32 vya biti. Thelathini na moja ni vya akiba kama nilivyoeleza. Cha 32 ni cha deni: kikiwa na 1, unahesabiwa kudaiwa 2,147,483,648, kisha vile 31 vinakupunguzia deni hilo. Ukiongeza moja kwenye mstari uliojaa, inatokea ileile ya 999 + 1: vyote vinarudi sifuri na moja inapanda nafasi ya juu. Ila nafasi ya juu hapa ndiyo kisanduku cha deni. Fuata namba zenu. Senti 2,150,000,000 zinapita 2,147,483,648 kwa 2,516,352. Simu ikaandika deni la 2,147,483,648, ikapunguza 2,516,352, ikabaki −2,144,967,296. Weka nukta ya senti mahali pake: −21,449,672.96. Haikukosea kujumlisha hata kidogo. Ilikosa nafasi.

Swali lako la mwisho nalijibu kabla ya la kwanza, kwa kuwa lina jibu fupi. Simu haikuichagua kwa utasa wake. Waliotengeneza mashine walipenda visanduku vya ukubwa wa 8, 16, 32 na 64, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia. Toa kisanduku kimoja cha deni, vinabaki 7, 15, 31 na 63. Vikomo vyao ni 127, halafu 32,767, halafu namba yetu, halafu 9,223,372,036,854,775,807. Ya kwanza ni tasa. Ya pili ni 7 × 31 × 151. Yetu ni tasa. Ile ndefu inagawanyika kwa 7, na kwa 73, na kwa 127. Mashine zote zinafanya kazi sawasawa juu ya vikomo hivyo, viwe tasa visiwe tasa. Lakini mwanao ameshika jambo kubwa, na nitaonyesha mbele kwamba utasa wa hii mojawapo uliwafaa sana watu wa kompyuta.

Namba tasa, kwa msomaji aliyesahau, ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na yenyewe. Tazama 1 sita zilizopangwa: 111111 kwa lugha ya biti ni 63. Mstari huo unaukata katikati, 111 na 111, na palepale umepata kigawo: 111 ni 7, na 63 ni 7 × 9. Mstari wa 1 kumi na tano unakatika vipande vya tatutatu au vya tanotano, ndiyo maana 32,767 ina 7 na 31 ndani yake. Mstari wowote ambao idadi ya 1 zake inagawanyika, wenyewe pia unagawanyika. Kwa hiyo ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, lazima n yenyewe iwe tasa. Na 31 ni tasa, haikatiki vipande sawa. Mlango wa kwanza imeupita.

Lakini mlango huo hautoshi, na hapa ndipo watu wakubwa waliteleza. Kumi na moja ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89. Pietro Cataldi wa Bologna, kule Italia, mwaka 1588 alithibitisha kwa haki kwamba vipeo vya 17 na 19 vinatoa namba tasa. Alikuwa na orodha ya namba tasa mpaka 750, na kwa kipeo cha 19 ilimtosha, kwa sababu kipeuo cha pili cha 2¹⁹ − 1, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa hiyo, ni 724 na ushei, na mbele tutaona kwa nini hakuna haja ya kukivuka. Kisha akaendelea kudai bila kazi ya kutosha kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa tasa. Katika nne hizo moja tu ilikuwa kweli: 31. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne akaandika orodha yake mwaka 1644, naye akaiweka 31, pamoja na 67 na 257 ambazo baadaye zilionekana si sahihi, na akaziacha 61, 89 na 107 zilizostahili. Pamoja na makosa hayo jina lake ndilo lililobaki: namba tasa za umbo hili huitwa namba tasa za Mersenne. Yetu ni ya nane, baada ya vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia na hamsini watu walisema 2³¹ − 1 ni tasa, na hakuna aliyekuwa amehakikisha. Aliyehakikisha ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, akiwa Saint Petersburg, Urusi. Aliandika habari hiyo mwaka 1772 katika barua kwa Johann Bernoulli aliyekuwa Berlin. Euler alikuwa na miaka 65, jicho moja lilikuwa limekufa zamani na la pili limefunikwa na mtoto wa jicho, na mwaka uliotangulia nyumba yake ilikuwa imeteketea kwa moto. Ninapofundisha hesabu hii huwa nasimama kidogo hapa. Mzee karibu kipofu aliikamata namba ya tarakimu kumi, akaizungukia mpaka akaimaliza.

Hakuigawa kwa namba zote, na hiyo ndiyo sehemu ambayo nataka mwanao aisome polepole.

Kwanza, hakuna haja ya kuvuka kipeuo cha pili. Namba ikiwa na vigawo viwili, mmoja lazima uwe mdogo kuliko kipeuo cha pili au ulingane nacho. Kipeuo cha namba yetu ni 46,340 na ushei. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Ukigawa kwa kalamu, kila moja ikikuchukua dakika tano, ni saa 400. Inawezekana, ila inachosha, na mtu aliyechoka hukosea.

Pili, kuna ujanja aliougundua Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1640. Chukua namba tasa, tuseme 7. Anza na 2, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila mara ukipita 7 bakiza baki tu: 2, 4, 1, halafu tena 2, 4, 1. Baki zinazunguka kama watoto wanaocheza duara, na mzunguko hapa una hatua 3. Fermat aliona kwamba urefu wa mzunguko daima unaigawa namba tasa hiyo ikitolewa 1. Hapa 3 inaigawa 6. Sasa tuseme kuna namba tasa p inayoigawa 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa p inabakiza 1, yaani baada ya hatua 31 duara limerudi mwanzo. Basi urefu wa mzunguko unaigawa 31. Lakini 31 ni tasa! Urefu ni 1 au ni 31, na 1 haiwezekani. Kwa hiyo ni 31, na 31 inaigawa p toa 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p toa 1 ni shufwa, kwa hiyo hata 62 inaigawa. Watuhumiwa wote waliobaki ni 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea, kila mmoja 62 mbele ya mwenzake.

Tatu, Euler akaongeza chujio la pili. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Na 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Yaani kwa p hiyo, 2 ni baki la mraba, baki linaloachwa na namba iliyozidishwa kwa yenyewe, na namba tasa zenye sifa hiyo, zikigawanywa kwa 8, hubakiza 1 au 7 tu. Pitisha watuhumiwa wetu hapo: 63 inabakiza 7, inabaki. 125 inabakiza 5, inatoka. 187 inabakiza 3, inatoka. 249 inabakiza 1, inabaki. 311 inabakiza 7, inabaki. Katika kila wanne wanatoka wawili, na waliosalia wana umbo la 248n + 1 au 248n + 63. Mpaka kufika 46,340 ni namba 373 tu. Kati yao zile zinazogawanyika zenyewe hazina haja ya kujaribiwa: 63 ni 7 × 9, na 249 ni 3 × 83. Ukiziondoa, mtuhumiwa wa kwanza wa kweli ni 311, wa pili ni 1,303, wa tatu ni 1,489. Chini ya 1,500 ni hao watatu tu! Orodha nzima ina namba themanini na kitu. Kutoka 4,800 hadi themanini na kitu, kwa sababu mtu alikaa akafikiri kabla ya kushika kalamu.

Tumshughulikie mmoja pamoja. 311, na hatugawi namba ndefu, tunafuata duara. 2⁸ ni 256, ambayo ni 311 ikipungukiwa 55, kwa hiyo tuandike −55. Mraba wake ni 3,025, na 3,025 toa 311 mara tisa inabaki 226, yaani −85. Hiyo ni 2¹⁶. Zidisha −55 kwa −85 upate 2²⁴: ni 4,675, na 311 mara kumi na tano ni 4,665, baki 10. Zimebaki hatua saba kufika 31, na 2⁷ ni 128. 10 × 128 ni 1,280, toa 311 mara nne, baki 36. Toa ile 1 yetu: 35. Namba yetu ikigawanywa kwa 311 inabakiza 35, basi 311 si kigawo chake. Kikokotoo cha simu kitakubali: kinatoa 6,905,092 na nukta. Euler alifanya hivyo mpaka mwisho wa orodha, na hakuna hata namba moja iliyoigawa bila baki. Kwa miongo mingi baada ya hapo hakuna aliyeonyesha namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Leo tuna njia fupi zaidi, kazi ya Mfaransa Édouard Lucas karne ya 19 na Mmarekani Derrick Henry Lehmer karne ya 20. Anza na 4. Fanya mraba, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, bakiza baki. Rudia. Idadi ya marudio ni kipeo toa 2, na mwisho ukipata sifuri, namba ni tasa. Usipopata, si tasa. Jaribu na 31 yenyewe, ambayo ni 2⁵ − 1, kwa hiyo mara tatu: 4 inakuwa 14. 14 inakuwa 194, baki 8. 8 inakuwa 62, baki 0. Tasa. Kwa namba yetu unafanya mara 29, na simu yako inamaliza kabla hujapepesa. Kipimo hichohicho ndicho kilichothibitisha jitu lililotangazwa Oktoba 2024, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, lenye tarakimu 41,024,320.

Kuna sifa nyingine ya namba yetu iliyowavutia watu tangu zama za Wagiriki. Sita ni 1 + 2 + 3, jumla ya vigawo vyake vidogo. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Namba za aina hii Wagiriki waliziita timilifu, na mwenzao Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo letu huzaa moja: zidisha 2³¹ − 1 kwa 2³⁰, upate 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba hiyo timilifu kwamba ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea kuhusu kutafuta. Kuhusu faida alikosea zaidi, na hapa natimiza ahadi niliyotoa juu.

Vikundi vingi siku hizi hutumia simu kupiga kura ya nani aanze kupokea upatu. Simu haina karatasi za kukunja wala kofia ya kuchanganyia. Inahitaji kanuni inayotoa namba zisizotabirika kwa macho, zisizopendelea mtu. Lehmer yuleyule alipendekeza njia mwaka 1951: shika namba, izidishe kwa namba maalumu, gawa kwa namba tasa kubwa, chukua baki, rudia. Ni lile duara la Fermat, sasa limefanywa kuwa mashine. Kigawanyio kikiwa tasa, baki haliwezi kuwa sifuri, na ukichagua kizidisho vizuri duara linapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Kigawanyio kisicho tasa kingekuwa na mashimo: duara lingetumbukia kwenye sifuri au kuzunguka kona ndogo tu. Kizidisho kilichozoeleka ni 16,807, yaani 7⁵, na kilipata umaarufu kwa makala ya Stephen Park na Keith Miller ya mwaka 1988. Anza na 1: inafuata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa nini 7⁵? Kwa sababu 7 huzungusha duara zima, na 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Humo hamna 5, kwa hiyo kuruka hatua tanotano hakuachi namba hata moja nyuma.

Na kazi ya kutafuta baki kwa namba hii ni nyepesi mno. Unakumbuka shuleni: ukitaka baki la 4,732 kwa 9, unajumlisha tarakimu, 4 + 7 + 3 + 2 ni 16, kisha 1 + 6 ni 7. Imewezekana kwa sababu 9 ni moja pungufu ya 10. Namba yetu ni moja pungufu ya 2³¹, kwa hiyo kompyuta hukata namba ndefu vipande vya biti 31 na kuvijumlisha, bila kugawa kabisa. Ni tasa, inatoshea ndani ya kisanduku, na kugawa kwake ni kujumlisha. Kwa kupiga kura ya upatu kanuni hii inafaa. Kwa kutengeneza namba za siri isitumike kamwe, kwa sababu anayeona baki moja tu anaweza kuzikokotoa zote zinazofuata.

Jambo moja la tahadhari kabla sijamaliza. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa Januari 1, 1970, na huziweka kwenye visanduku vya biti 32 kama jumla yenu. Sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Jumanne, Januari 19, 2038, kwetu Afrika Mashariki ikiwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya saba. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaamini iko Desemba 1901. Kijana wenu, akiwa anafungua programu, aangalie na tarehe za marejesho ya mikopo zimehifadhiwaje.

Kuhusu jumla: mwambie abadilishe aina ya namba kutoka biti 32 kwenda biti 64. Huwa ni kubadilisha maneno machache, lakini abadilishe kila mahali panapotunza fedha: hisa, mikopo, faini, na jumla ya mwaka. Kikomo kipya kwa senti kitakuwa zaidi ya shilingi trilioni elfu 92. Akimaliza, ingiza 50,000 ya mwenzenu kwenye nakala ya majaribio, uone 21,500,000 imesimama kabla ya kurudi kwenye daftari halisi. Na daftari la karatasi lisitupwe.

Mwanao mpe kalamu. 311 tumemalizana naye. Afanye 1,303 na 1,489 kwa njia ya duara, bila kikokotoo. Akipata baki 226 kwa ya kwanza na 199 kwa ya pili, yuko sawasawa. Inayofuata ni 2,543.